Gundi ya Kwato

Mimi ni fundi mzuri. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu mbele huko hutaliona, na kwa sababu ndilo lililoniponza.

Nyumbani Tanga nilikuwa na karakana yangu mwenyewe, vitanda na milango. Mwaka wa pili tu wa kazi, mteja mmoja alinirudishia kitanda. Hakuja kimyakimya, la! Alikipakia kwenye mkokoteni mchana kweupe, akakishusha mbele ya karakana watu wakitoka msikitini, akasema kwa sauti, "Fundi, kitanda chako kimeachia." Akaondoka. Bora angenitukana. Seremala akishaambiwa mbele za watu kwamba kiungo chake kimeachia, hana tena uso wa kutembea nao mtaani. Siku hiyo nikala yamini kwamba kitu nilichokiunga mimi hakitaachia mpaka kiama. Na hakikuachia. Nenda Tanga ukaulize.

Dubai nililetwa na visa ya useremala, nikajikuta Ras Al Khor, kwenye karakana ya kutengeneza makasha ya mizigo. Nje ni maduka ya vipuri vya magari mstari mzima. Ndani ni sisi: mimi, Mkenya mmoja wa Mombasa mwenye mdomo usiopumzika, na arbab wetu, yaani bosi, ambaye salamu yake ni yalla, fanya haraka, na kwaheri yake ni yalla. Kasha halina ufundi. Unakata mbao, unapigilia misumari, linapakiwa, unaanza jingine. Miaka sita nimepigilia makasha. Randa yangu niliyokuja nayo kutoka nyumbani ilishika kutu ndani ya sanduku chini ya kitanda, kule Al Baraha ninakolala.

Ndipo akaja yule mzee Mfaransa. Alishuka kwenye gari la kukodi akiwa amekumbatia begi jeusi refu kumpita yeye mwenyewe, na yeye si mfupi. Mkenya akasema, "Haya, leo tumeletewa maiti." Nikamwambia, nyamaza wewe, utatufukuzisha.

Mzee akafungua zipu. Ilikuwa besi, lile fidla kubwa la kusimama ambalo niliwahi kuliona utotoni kwenye taarabu, mpigaji kasimama nyuma kabisa na hakuna anayemtazama. Lakini hii! Mtume! Rangi ya asali iliyokaa, kingo zimechongwa na mtu asiyejua haraka ni kitu gani. Nilipitisha kidole ubavuni, nikakirudisha tena. Miaka sita ya misumari, halafu kitu kama kile.

Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, ndiyo maana tulielewana. Akanionyesha chini, mahali ubao wa uso unapokutana na ubavu: gundi imeachia, urefu wa shibiri moja. Maduka ya ala yalimwambia isafirishwe Ulaya, irudi baada ya miezi. Hakuwa na miezi. Alikuwa na onyesho msimu wa baridi unaokuja na alitaka kufanya mazoezi kila siku. Mtu mmoja wa shule ya muziki anakofundisha, tuliyewahi kumtengenezea makasha, ndiye aliyemwambia kuna fundi Mtanzania Ras Al Khor ana mkono.

Akatoa mfukoni kichupa cha punje za rangi ya sukari guru. "Gundi," akasema. "Ya ngozi na kwato za ng'ombe. Hii tu, si nyingine. Tafadhali, fundi." Neno fundi alilidaka palepale kwa Mkenya, na tangu hapo hakuniita jina jingine.

Akanieleza namna ya kuipika: iloweke, kesho yake uiweke sufuria ndani ya sufuria, ipate moto lakini isichemke. Halafu akanieleza kwa nini, na hapa nisikilize vizuri, maana mimi sikusikiliza. Alisema mbao za besi zinatembea. Zikikauka zinajikunja, na AC za Dubai zinazikausha mwaka mzima. Lazima mahali fulani paachie. Gundi ya kwato ni dhaifu kwa makusudi. Inaachia hapa pembeni, mtu anabandika tena, maisha yanaendelea. Ikikataa kuachia, ubao ndio utakaopasuka. "Na ukipasuka hapa katikati, kwenye roho, basi," akasema.

Nikamuuliza roho gani. Akawasha tochi ya simu, tukachungulia kwenye tundu, vichwa vyetu vinagusana. Ndani kulikuwa na kijiti kimesimama wima, hakikugundishwa wala kupigiliwa, kimebanwa tu kati ya uso na mgongo. Sauti yote inapita hapo. Kwao kijiti kile kinaitwa roho.

Nikaitikia. Yes, sir. Moyoni nasema, maskini mzee wa watu, akili imeshaanza kuyumba. Fundi gani anaombwa atengeneze kiungo ili kiachie?

Kesho yake nikainjika ile gundi nyuma ya karakana. Harufu! Jamani, harufu! Mkenya akatoka ameziba pua. "Wee, hiyo ni gundi ama supu ya miguu? Lete ndimu basi." Wa karakana ya jirani wakaja kuchungulia, wakacheka. Arbab naye akatoka, akauliza hiki ni nini. "Shu hada? Yalla, khalas!" Akaishika sufuria kwa tambara, akaimwaga yote mchangani.

Ningeweza kuishia hapo nikamtupia arbab lawama. Hapana. Kichupa kilikuwa bado kina nusu. Ningeloweka tena, nikaipikia jikoni kwetu Al Baraha, wenzangu wangenitukana kidogo tu. Hakuna aliyenikataza. Lakini gundi nyeupe ilikuwa rafuni, ile inayoshika ubao ukawa kama umezaliwa hivyo, na masikioni nilikuwa namsikia yule mtu wa Tanga na mkokoteni wake. Nikajiambia nitamfanyia mzee kazi bora kuliko aliyoomba. Nikasafisha kingo, nikapaka gundi nyeupe, nikabana kwa klempu nane zilizofungwa vitambaa zisichubue rangi, nikafuta kilichotoka mpaka hakuna jicho lingeona kitu. Zile punje zilizobaki nikazitupa pamoja na maranda.

Aliporudi, alikunja kidole akagongagonga ukingoni pande zote, sikio limeinama. Akatabasamu. "Umetumia gundi yangu?"

"Yes, sir."

Mtu wa nje hawezi kujua yes sir ya hapa. Si ndiyo. Maana yake ni usinifukuze, usinipigie kelele, tusonge mbele. Madam akiuliza kama nguo zimepigwa pasi, yes madam. Arbab akiuliza mzigo umekwisha, yes arbab, na mbao hazijakatwa. Arbab anajua, na sisi tunajua kwamba anajua, siku zinakwenda. Lakini mzee yule hakuzoea. Yes aliichukua nzima nzima, kama mtu anayepokea funguo za nyumba.

Akanipenda. Hilo ndilo sikulitarajia. Alikaa Mirdif, chumba cha nyuma kwenye nyumba ya familia moja ambayo watoto wake anawafundisha, na alinialika Jumapili nikamtengenezee rafu ya karatasi zake za muziki. Nikaenda. Jumapili nyingine nikaenda bila kuitwa. Alinipa kahawa chungu kama dawa ya mti, mimi nikampelekea kashata, tukakaa hapo kama wazee wa baraza.

Akanisimulia maisha yake vipande vipande. Kwao ni mji mdogo wa mvua. Besi alipewa shuleni kwa kuwa ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wenzake na fidla zote ndogo zilishachukuliwa. Miaka zaidi ya thelathini alisimama nyuma kabisa kwenye okestra. "Ukipiga vizuri, hakuna anayejua upo," aliniambia. "Ukikosea, wote wanageuka." Nikacheka, nikamwambia hiyo ni useremala mtupu. Usiku alikuwa akitunga muziki wake mezani jikoni, na karibu wote haukupigwa na mtu, maana nani anamtaka mtunzi wa besi? Mkewe peke yake ndiye aliyeusikiliza. Mke akafa. Nyumba ikamshinda, akachukua kazi ya kufundisha watoto wa matajiri Dubai, watoto ambao wengi wao wakiiona besi wanaiogopa.

Besi yenyewe alirithishwa na mwalimu wake, na mwalimu alirithishwa na wake. Tangu mkewe afe alikuwa akitunga kazi moja tu, ya besi ile peke yake, bila ala nyingine. Waya wa chini kabisa aliulegeza mpaka ukashuka mahali ambapo besi nyingine, alisema, zinakoroma tu, lakini ile yake inasema. Aliipiga mbele yangu mara moja, kipande cha katikati. Sijui muziki wa kwao. Najua tu kwamba kikombe changu kilitetemeka juu ya rafu niliyoitengeneza mwenyewe, na nilimkumbuka marehemu mama yangu bila kutaka.

Halafu akanionyesha mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeanza kumkataa, vinakakamaa. Daktari amemwambia labda mwaka, labda usifike. Onyesho lile lilikuwa la kwanza na la mwisho: kazi yake, besi yake, mkono wake, mara moja tu mbele za watu. "Baada ya hapo hata nikifa ni sawa," akasema. Nikamwambia usiseme hivyo, mzee, lakini nilimwelewa.

Sasa unaona nilikuwa nimekaa juu ya nini. Kila Jumapili nilikuwa naiangalia ile pembe ya chini. Nilishaanza kuelewa kuhusu mbao zinazotembea. Nilishaanza hata kuota imepasuka. Mara mbili nilifungua kinywa. Lakini gundi nyeupe haifunguki bila kunyofoa ubao, kwa hiyo kusema kweli kulikuwa ni kumwambia nimeshakuharibia, na mimi nilikuwa natumaini Mungu atasitiri mpaka onyesho lipite. Yeye naye ananiongezea sifa! "Ajabu, fundi. Kila kiangazi huachia pale. Mwaka huu kiangazi kizima, hakuna kitu. Una mikono." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi maji nilishayatia kabla ya sifa. Nikanywa kahawa yangu, nikasema inshallah.

Mwezi mmoja kabla ya onyesho akanipa kijikaratasi kizuri, kigumu, chenye maandishi ya Kifaransa na Kiingereza. Mwaliko na ratiba pamoja. Maandishi ya Kiingereza mimi husoma ya kwenye makasha, juu, chini, vunjika, basi. Nikaona tarehe tu. Nikakiweka chini ya godoro kisikunjike, nikanunua shati.

Siku nne kabla, mchana, gari la kukodi likasimama mbele ya karakana. Nilimwona anavyoshuka nikajua. Hakulikumbatia lile begi. Alilishika kama mtu anayesaidia mgonjwa kuteremka.

Alikuwa ametoka mazoezini ukumbini siku iliyotangulia. Ukumbi ni baridi kama barafu, AC za nguvu, na besi ilikaa humo siku mbili. Asubuhi hiyo, chumbani kwake Mirdif, alisikia kishindo kama cha mtu anavunja ubao wa dawati. Akailaza juu ya meza yangu, juu ya mbao za makasha. Ufa ulianza karibu na ukingo wangu, ukapanda moja kwa moja hadi katikati, ukapita juu ya roho. Na ukingo wangu wenyewe ulikuwa mzima. Haujaachia hata unywele.

Akaniomba maji ya moto na kisu chembamba. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Mkenya akaleta maji kwenye birika la chai. Mzee akadondosha maji kwenye kiungo changu, tone kwa tone, akangoja. Gundi ya kwato ikipata maji ya moto inalainika, kisu kinaingia. Akaingiza ncha. Haikuingia. Akadondosha tena, akangoja tena. Nilitamani Mwenyezi Mungu aifungue hata kidogo. Mara ya tatu akaweka kisu chini, akakifuta kwanza.

"Ulisema yes, sir," akaniambia.

Nilianza kumweleza, sufuria, arbab, harufu, kitanda cha Tanga, yote kwa pamoja, Kiingereza kikanikimbia nikabaki namwaga Kiswahili. Hakunikatiza. Aliponiona nimekwisha, akafunga zipu akaondoka. Arbab akapiga kelele kutoka ndani, yalla, kontena linangoja. Nikaenda nikapigilia misumari.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi minane, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kila siku yake ningeweza kugeuka.

Kwenye onyesho nilikwenda. Usiniulize kwa nini. Nilivaa lile shati, nikakaa kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango. Walipiga wengine kwanza. Kisha yeye akatoka na besi ya shule, mpya kabisa, inang'aa kama meza ya hoteli. Akapiga na wenzake vitu viwili vya watu wengine, amesimama nyuma. Ilipofika zamu yake, akaja mbele peke yake, mikono mitupu.

"Kazi yangu haitapigwa," akasema. "Imeandikwa kwa ajili ya chombo kimoja, na chombo hicho hakipo tena. Samahani." Watu wakapiga makofi ya heshima. Akainama. Nilitoka kabla hajanyanyuka.

Mlangoni alikuwa amesimama mlinzi, Mganda, tukasalimiana kwa Kiswahili kama tunavyosalimiana wote mji huu. Akaniona na kijikaratasi mkononi, akaniuliza vipi, ndugu yangu, imekwisha mapema? Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Nikamwomba anisomee hapa chini, mstari wa mwisho, ambapo nilikuwa nimeona maneno Ras Al Khor.

Akakisogeza kwenye taa. "Kinasema hivi: ninamshukuru fundi wangu seremala wa Ras Al Khor, mtu pekee katika mji huu aliyefanya kama nilivyomwomba." Akanirudishia. "Ni wewe huyo? Hongera sana, bwana!"

Nikamwambia asante.

Wiki iliyofuata mzee alimtuma mtu karakanani. Anarudi kwao, anataka kasha la besi. Hakuja mwenyewe. Nililitengeneza kwa mikono yangu, siku zangu za mapumziko, nikaipiga msasa randa yangu ya Tanga ikatoka kutu. Mbao nilizichagua moja moja, ndani nikaweka sponji kila mahali panapogusa. Gundi sikutia hata tone. Msumari sikutia hata mmoja. Skrubu tupu, thelathini na mbili, ili huko kwao mtu yeyote mwenye bisibisi alifungue bila kuumiza kitu.

Tukalipeleka Mirdif kwa pikapu, mimi na Mkenya. Chumba kilikuwa kimeshakuwa kitupu, ile rafu yangu imebaki ukutani bila kitu juu yake. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja kilichosalia. Nikamwamkia, akaitikia. Hakuniita fundi.

Akalizunguka kasha. Akapitisha kidole kwenye maungio. "Gundi?" akauliza.

"Hakuna gundi. Skrubu tu."

Zamani zile neno langu moja lilimtosha. Safari hii alinyoosha mkono, Mkenya akampa bisibisi. Akapiga magoti, na kwa ule mkono wenye vidole viwili visivyokunjika akaanza kufungua skrubu ya kwanza, aone mwenyewe. Nikasogea nimsaidie, akatikisa kichwa. Akaitoa, akaitazama, akachungulia ndani ya tundu, akaiweka sakafuni, akaanza ya pili. Alifungua zote thelathini na mbili, na mimi nilisimama pale mpaka akamaliza.